Bastola ya Mgongo Mrefu

Regula Hösli alipoiweka bastola yake juu ya meza ya klabu, hakuna mtu aliyeigusa. Watu wazima, soseji mdomoni, wakaacha kutafuna na kuikodolea macho kama vile ameleta nyoka na kusema ni mkanda.

"Mbona ndefu?" akauliza Fridli.

"Nimeifanya ndefu," Regula akajibu.

"Najua umeifanya. Nauliza inaficha nini."

Huyo ndiye Fridli, msimamizi wa shabaha wa klabu yetu. Ukimwambia leo ni Jumamosi, anachungulia kalenda. Ukimsalimia mara mbili kwa siku moja, ya pili haitikii mpaka ajue unatafuta nini. Na siku yenyewe ilikuwa ya kufungua msimu, theluji bado imening'inia kwenye miamba ya mlima Glärnisch, sisi tumejazana kwenye chumba cha klabu tukinuka haradali na ile jibini yetu ya kijani ambayo wageni huifungulia dirisha.

Regula ndiye fundi bunduki pekee aliyebaki katika bonde letu. Karakana yake iko chini ya kiwanda cha zamani cha vitambaa, kando ya mto Linth, mahali ambapo hata mchana taa haizimwi. Majira ya baridi kadhaa, wakati sisi tunateleza milimani na kuvunjika miguu, yeye alikuwa kule chini akikwangua chuma. Alichokitoa ndicho hicho kilichokuwa mezani: bastola ya kulengea shabaha ambayo mgongo wake, yaani kile chuma cha juu kinachoruka nyuma na kurudi kila risasi ikitoka, ulikuwa mrefu kuliko wa bastola yoyote tuliyoizoea. Ulitokeza mbele kama pua ya mtu mwongo.

Na leo alikuwa amemleta Bwana Aebli kutoka kiwanda cha bastola cha ng'ambo ya ziwa. Aebli alikaa pembeni na kikombe chake cha kahawa, koti hajavua. Alikuwa ametuambia mapema, bila kuzunguka: ataangalia wapigaji wa kweli wakiijaribu mchana huu, basi. Ikimridhisha, kiwanda kitaitengeneza, na jina la Regula litachongwa ubavuni. Isipomridhisha, anapanda treni ya jioni na harudi tena. Regula alikuwa amevaa blauzi anayovaa kwenye harusi za watu. Hapo ndipo nilipojua kwamba anaogopa.

"Faida ya urefu ni nini?" akauliza Dorli wa posta, mwanamke mwenye kifua cha ngoma na mkono mtulivu kuliko kanisa Jumatatu.

"Jino la mbele na pengo la nyuma vimeachana zaidi," Regula akasema, akionyesha kwa kidole vile vyuma viwili vya kulengea. "Mkono ukiyumba kidogo tu, unaona. Unajirekebisha kabla hujafyatua."

"Yaani inakuonyesha makosa yako," Fridli akasema.

"Ndiyo."

"Nani amekwambia tunataka kuyaona?"

Watu wakacheka. Aebli hakucheka. Hilo nalo likaleta minong'ono: mbona hacheki? Ametumwa na nani?

Fridli akaleta sanduku. Klabu yetu ina sanduku la mbao la kupimia, alilolitengeneza babu yake. Bastola isiyoenea humo na kifuniko kikafungwa, haipigi kwetu, hata iwe ya mfalme. Akailaza bastola ya Regula ndani, akashusha kifuniko polepole kama anafunika mtoto. Kikafunga. Pale mbele ilibaki nafasi ya unywele.

"Imeenea," nikasema.

"Naona imeenea, Mathis. Ndiyo inayonitia shaka. Mbona imeenea vizuri hivi?" Akaligeuza sanduku, akapitisha kidole kwenye kona zote. "Nani alikuwa na ufunguo wa kabati wakati wa baridi?"

"Wewe," Dorli akamwambia.

Fridli akajitazama mikono, kama anayejishuku na yeye mwenyewe.

Akaleta pia lile jiwe la chuma la kupimia ukali wa kifyatulio. Unalining'iniza kwenye kifyatulio, unainua bastola ikiwa tupu. Ikijifyatua, imelegezwa kupita sheria. Haikujifyatua. Akarudia. Haikujifyatua. Akalitazama jiwe kwa chuki.

"Basi ipigwe," Aebli akasema kutoka pembeni. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu kahawa.

Tukatoka uwanjani. Akaanza Dorli. Risasi zake zikaingia vizuri, karibu karibu, kwenye ule weusi wa katikati ya shabaha. Aliporudisha bastola mezani akajifuta kiganja kwenye suruali, kama aliyeshikana mkono na mtu asiyemjua.

"Vipi?" Regula akauliza.

"Tulivu mno. Bastola inatakiwa ikupige teke kidogo ujue iko kazini. Hii imenyamaza tu. Mimi mtu aliyenyamaza hivyo simwamini."

Akafuata mwingine, naye akapiga vizuri, akasema ni upepo wa kusini umemsaidia. Wa tatu akapiga vizuri kuliko alivyowahi kupiga msimu mzima uliopita, akasema risasi zimechaguliwa. Alipewa risasi zake mwenyewe, alizokuja nazo mfukoni, lakini akashikilia hapohapo kwamba zimechaguliwa.

Aebli akaweka kikombe chini. "Nimeona watu wanapiga vizuri na kulalamika. Siwezi kurudi kiwandani na malalamiko. Nani bora hapa?"

Vichwa vyote vikageukia upande mmoja.

Upande huo alikuwa amekaa mjomba wangu Balz, kaka yake mama, mikono kifuani, bastola yake ya zamani ya jeshi imemlalia pajani kama paka. Imechakaa mpaka rangi nyeusi imetoka, imebaki nyeupe kama mfupa. Kwa bastola hiyo ameshinda taji la majani ya mwaloni mara nyingi kiasi kwamba mke wake amekataza mataji zaidi ukutani, yanaleta vumbi. Mjomba Balz ni wa dini ya mchagua jembe si mkulima. Ukija na mshikio mpya wa mbao, anakuuliza kama na mkono pia umenunua. Nilipobadilisha jino la mbele la bastola yangu, aliniimbia wimbo wa kejeli barabarani mbele ya msichana niliyekuwa namtaka. Msichana alicheka sana. Kaolewa na mtu wa Näfels.

"Mimi?" mjomba akasema. "Mkono ndio unaopiga. Chuma kinabebwa tu."

"Basi kibebe hiki, Balz," Regula akamwambia. Akamsogezea bastola. "Risasi tano tu. Ukisema mbaya, nakubali. Lakini usiniambie mbaya ukiwa umekaa."

Hapo mjomba hakuwa na pa kupitia. Akainuka.

Kwetu mtu hapigi peke yake. Lazima pembeni yake awepo mwingine, kila mmoja na shabaha yake, asije akasema baadaye kwamba macho ya watu yote yalikuwa yanamsukuma mgongoni. Mjomba akasimama nafasi ya tatu. Nafasi ya nne wakanitupia mimi, na bastola yangu, kwa sababu mimi nikiharibu hakuna anayeshtuka. Nina ugonjwa mmoja unaojulikana bonde zima: risasi zangu huenda chini kushoto. Zote. Daktari wa meno aliwahi kuniuliza habari zake huku mdomo wangu ukiwa wazi.

Mjomba aliipokea bastola ya Regula kwa vidole viwili. Akainyoosha mbele. Nikamwona anashtuka, ile pua ndefu ilikuwa na uzito wa mbele asiouzoea. Akasogeza mguu wa kulia, akasogeza wa kushoto, akajipanga upya. Akanyoosha tena, na safari hii uso ukabadilika. Sijui niuelezeje. Ni kama mtu aliyepewa miwani dukani kwa mzaha, akaivaa, akagundua kwamba majani ya miti yanaonekana moja moja.

"Tayari?" Fridli akapaza sauti, darubini machoni.

Vibao vya shabaha vikageuka na kutukabili. Tukainua mikono. Kila vikitukabili, risasi moja, vikijificha, tunashusha. Mimi nilifanya yangu. Mjomba pembeni yangu alikuwa anapumua kama mtu anayelala.

"Nje," Fridli akasema baada ya risasi ya kwanza, akitazama kibao cha mjomba.

Vibao vikageuka tena.

"Nje tena."

Kufika ya tano, hakuwa anasema tena. Aliishusha darubini, akaifuta kioo kwa shati, akatazama upya, akampa Aebli atazame. Kibao cha mjomba kilikuwa safi kama shuka la hospitali. Risasi tano za bingwa wa bonde, na hakuna hata moja iliyogusa karatasi.

"Nilijua," Fridli akasema. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana mtu mwenye amani. "Inatupa. Mgongo mrefu, inatupa risasi huko na huko."

"Haiwezekani," Regula akasema.

"Balz hakosi karatasi. Kwa hiyo ni nani amekosa? Niambie wewe."

Aebli alianza kufunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, kutoka chini. Regula alivitazama vile vifungo vikipanda.

Ndipo nikamwona mjomba anatembea kwenda kwenye shabaha. Haraka. Mtu mwenye goti bovu, ambaye siku zote tunamsubiri afike ndipo tuanze kuhesabu, alikuwa mbele yetu sote, na hakuenda kwenye kibao chake. Alikwenda kwenye changu. Nilipofika alikuwa ameshatoa mfukoni vibandiko vyeusi vya kuzibia matundu na ameshakandamiza kimoja kwa dole gumba.

"Nakusaidia kuziba," akaniambia, bila kunitazama.

Sasa hapo. Mjomba Balz hajawahi kumzibia mtu matundu tangu nizaliwe. Na yeye ndiye aliyetunga sheria, na kuipigia meza, kwamba hakuna kubandika kabla msimamizi hajasoma karatasi. Nikatazama kibao changu. Chini kushoto, matundu yangu matano, maaminifu, yamekaa nyumbani kwao. Na katikati, kwenye moyo wa weusi, kibandiko kimoja kipya kinang'aa.

Nikaelewa.

Alikuwa amepiga kwa jirani. Alivyosogeza miguu kuutafuta ule uzito, mwili wote ukageukia kibao changu, na baada ya hapo akawa analitazama jino la mbele tu, lile jino lililoonekana wazi kuliko alivyowahi kuona jino lolote, na namba ya kibao hakuiona tena. Hutokea. Kwetu anayepiga kwa jirani anavishwa kengele ya ng'ombe shingoni mpaka jioni iishe, na anamiminia wote divai akiwa anagonga gong-gong kama anashuka malishoni. Mjomba ndiye anayevisha. Anavisha kwa hotuba. Nimeshaivaa mimi, ameshaivaa Dorli, Fridli aliivaa na akadai imetiwa uzito. Mjomba, kamwe.

"Ulipiga vizuri leo," akaninong'oneza. "Hilo la katikati, zuri."

"La kwangu?"

"La nani mwingine?"

Alikuwa ananipa. Bingwa ananizawadia risasi zake tano, na malipo ni kufunga mdomo. Na nisiseme uongo: kwa muda wa pumzi moja hivi nililiona jina langu kwenye ubao wa washindi, na yule msichana wa Näfels akilisoma. Nyuma yetu watu walikuwa wanafika. Regula alikuwa wa mwisho, ameishika bastola yake kwa mikono miwili, tupu, mgongo umevutwa nyuma kama mdomo uliobaki wazi. Aebli hakuja kabisa. Alikuwa ameshaangalia saa.

Mjomba ndiye aliyenifundisha kushika bastola. Mkono wake ulikuwa chini ya mkono wangu nikiwa sijaota hata ndevu. Nikasema kwa sauti, maana kwa kunong'ona ningeshindwa:

"Mjomba, unaziba nini hapo? Mimi katikati sijawahi kutoboa maisha yangu yote."

Kicheko kikaanza, kikafia njiani. Fridli akasukuma watu, akafika, akakitazama kile kibandiko kwa karibu mpaka pua ikagusa karatasi. Kisha akakibandua kwa ukucha.

Chini yake kulikuwa na tundu moja. Yaani lilionekana moja, lenye kingo zilizochanikachanika. Risasi tano zimepita mlango mmoja. Ungelifunika kwa sarafu ya faranga tano na kingo zisitokeze.

"Penseli," Fridli akasema papo hapo. "Mathis ametoboa kwa penseli."

"Sina penseli."

"Mtu asiye na penseli ndiye anayeificha."

"Fridli, zunguka nyuma uone karatasi ilivyochanika," Dorli akamwambia. "Penseli haichani hivyo."

Akazunguka. Akakaa huko nyuma ya kibao muda mrefu, miguu yake tu ndiyo tuliyoiona. Halafu ile miguu ikageuka, na nafikiri ndipo alipomtazama mjomba kupitia lile tundu.

"Balz," sauti ikatoka nyuma ya karatasi, "umepiga kwa jirani?"

Mjomba alikuwa bado ameshika mkanda wa vibandiko. Alivitazama kama mtu anayetafuta kimoja kikubwa cha kujizibia yeye mwenyewe.

Regula alisogea mpaka mbele yake. Nilidhani atampiga, na kusema kweli nisingemzuia. Lakini alimuuliza taratibu, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi.

"Ungeniacha niende nyumbani nikiamini kwamba inatupa? Ningeivunja, Balz. Kesho asubuhi ningeikata vipande nione nilikosea wapi."

"Nilidhani ni kengele tu," mjomba akasema.

"Ni kengele tu?"

Tukasikia treni inapiga filimbi huko chini Schwanden, inapanda kuja kwetu. Na wote tulijua ni ile atakayoshuka nayo Aebli ikishageuza.

"Si kengele," mjomba akasema. Akageuka, akapaza sauti kuelekea kule alikosimama Aebli, sauti ile ya kuita ng'ombe upande wa pili wa bonde. "Bwana Aebli! Usifunge koti! Mimi ndiye niliyekosa, si bastola. Nimepiga kibao cha mtoto huyu. Na sijapiga tundu kama hili tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi. Nimewaambia watu hawa miaka yote kwamba chuma si kitu. Nikaona nikikubali, wataanza kuniuliza ningepata mataji mangapi zaidi kama chuma..." Hakumalizia. "Ndiyo maana nikabandika. Njoo uone kabla Fridli hajalila."

Aebli akaja. Hakuharakisha. Akainama, akalitazama tundu, akazunguka nyuma, akarudi. Akamwomba Regula bastola, akauangalia mgongo ule mrefu, akaurudisha mbele kwa dole gumba taratibu, akausikiliza ulivyoingia mahali pake.

"Wanaosifu bidhaa nimewasikia wengi," akasema. "Wa kuificha kwa sababu ni nzuri, sijawahi. Bibi Hösli, njoo kiwandani Jumatatu. Leta michoro yako."

Regula akaitikia kwa kichwa. Akatafuta mahali pa kukaa, hakukuwa na kiti, akakaa kwenye magunia ya mchanga na blauzi yake ya harusi.

Aebli akaondoka zake kwenda kituoni. Na ungedhani sasa watu watashangilia. Jamani, hamuwajui watu wa kwetu.

"Amekubali haraka mno," Fridli akasema, kabla mgeni hajapinda kona.

"Hata bei hakuuliza," Dorli akasema.

"Na Jumatatu. Kwa nini Jumatatu? Kiwanda gani kinafanya jambo la maana Jumatatu?"

"Ninyi," Regula akasema kutoka kwenye magunia, anacheka na machozi yanashuka, "si mniache nifurahi hata mpaka chakula cha jioni?" Kisha kicheko kikapungua. Akamtazama Aebli kule mbali, akakunja uso. "Lakini kweli, mbona ametaka michoro yote?"

Ndivyo jioni ilivyokwenda. Mjomba alivaa kengele mwenyewe, hakuna aliyemvisha, na hotuba hakuna aliyetoa. Tulijaribu kumtania tukakuta utani haushiki. Alizunguka na chupa akimimina divai, na kila mtu akachungulia glasi yake kwanza. Ilipofika zamu yangu alimimina mpaka ikafurika mezani.

"Kwa lile tundu la katikati," akasema. "Usizoee."

Baadaye, wakati Fridli na wenzake wamelizunguka tena sanduku la mbao, safari hii na rula, nilimwona mjomba amemsogelea Regula karibu na jiko. Kengele ameishika kwa kiganja isilie. Alidhani hakuna anayesikia, na mimi nilikuwa nyuma ya mlango, na jibini.

"Ile ya kwanza itakayotoka kiwandani," akamwambia, "imeshapata mtu?"

Regula alimtazama kwa muda mrefu, kuanzia kengele mpaka viatu.

"Unaitakia nini, Balz?" akamuuliza.